Ellen White: Bibi wa Nyumba Yenye Vizazi Vingi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 6:4-9; 1 Samweli 1:24-28; 2:18-20; Esta 2:5-7; Luka 15:11-24; Zaburi 71:17, 18; 1 Timotheo 5:4, 8.

Fungu la kukariri: 2 Timotheo 1:5. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Mikumi kwenda Iringa, kabla ya kuanza kupanda mlima Kitonga unapita Ruaha Mbuyuni. Utaona mibuyu mikubwa, na kando ya barabara magunia ya vitunguu yakisubiri malori. Nyuma ya magunia hayo kuna nyumba, na katika nyumba nyingi anayezishikilia ni bibi au babu. Baba yuko shambani au amefuata kazi mjini. Mama amekwenda kutafuta riziki Mbeya au Dar es Salaam. Shangazi aliyeachika amerudi na wanawe wawili. Jioni sufuria ni moja, nao walaji ni wanane.

Katika nyumba kama hiyo bibi Mkristo ana swali linalomkosesha usingizi. Je, imani yake itawafikia watoto hawa, au itazikwa pamoja naye? Anapoita watu kwenye ibada ya jioni, mjukuu mkubwa bado yuko barabarani, na mdogo ameshasinzia. Bibi huyo hana cheo kanisani. Wakati mwingine hujiuliza kama Bwana anaihesabu kazi yake ya kuosha, kupika na kuomba kuwa ni utume.

Juma hili tutajifunza maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa vitabu vyake, lakini wachache wanamfahamu kama binti, mkwe, mama, mjane na bibi. Ellen Gould White alizaliwa Novemba 26, 1827, katika mji wa Gorham, jimbo la Maine, Marekani. Alifariki Julai 16, 1915. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nyumba yake ilijaa watu: wazee, wagonjwa, watoto wa ndugu, wajukuu na wageni. Huko nyumbani, kabla ya mahali pengine popote, imani yake ilijaribiwa.

JUMAPILI
Imani Iliyoanzia kwa Wazazi

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4-9. Ni mahali gani na saa zipi ambapo wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto?

Robert na Eunice Harmon walikuwa na watoto wanane. Ellen na pacha wake Elizabeth walikuwa vitinda mimba. Baba yao alijipatia riziki kwa kutengeneza kofia, na nyumba yao ilikuwa ya Wamethodisti waaminifu. Ellen alipokuwa na umri wa miaka tisa, msichana mwenzake alimrushia jiwe likampiga usoni. Alikaa kitandani muda mrefu, na afya yake ikadhoofika hata akashindwa kuendelea na shule. Tangu hapo nyumba ikawa darasa lake, na mama yake akawa mwalimu wake.

Mwaka 1842 alibatizwa baharini, katika ghuba ya Casco. Familia yake ilikuwa imepokea tumaini la marejeo ya Kristo yaliyo karibu, na mwaka 1843 kanisa lao liliwafuta ushirika kwa sababu ya tumaini hilo. Fikiri jambo hilo liliwafundisha nini watoto. Waliwaona baba na mama wakipoteza nafasi yao kati ya marafiki wa miaka mingi, lakini wakarudi nyumbani na kuendelea kuomba. Hakuna mahubiri yanayolipita somo hilo.

Hata hivyo tusiifanye hadithi kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Pacha wake, Elizabeth, alilelewa na wazazi wale wale, akasikia maombi yale yale, lakini hakuifuata njia ya Ellen. Kwa miaka mingi Ellen alimwandikia barua za upendo akimsihi ampokee Kristo. Elizabeth alifariki mwaka 1891 bila dada yake kuiona furaha aliyoitamani.

Imani hairithiwi kama shamba la vitunguu lenye mipaka inayojulikana. Wazazi huitangaza, huiishi na kuiombea, na kila mtoto huchagua. Bibi ambaye mmoja wa watoto wake ameokoka na mwingine amekataa asijihukumu kana kwamba sala zake zilikuwa na kasoro.

Tafakari: Ni jambo gani moja la imani ulilojifunza kwa kuwatazama wazee wako, wala si kwa kuambiwa?

JUMATATU
Mtoto Aliyeachwa kwa Watu

Soma 1 Samweli 1:24-28 na 2:18-20. Hana aliendeleaje kuwa mama wa mtoto ambaye hakulala chini ya paa lake?

Agosti 30, 1846, Ellen aliolewa na James White, mhubiri kijana ambaye hakuwa na mali. Waliishi kwa muda katika nyumba ya familia ya Howland huko Topsham, kwa vyombo vya kuazima. James alibeba mawe kwenye ujenzi wa reli na kukata kuni ili wapate chakula. Mwana wao wa kwanza, Henry, alizaliwa Agosti 1847.

Mwaka 1848 wito wa kusafiri na kuwaimarisha waumini waliotawanyika ulizidi kuwa mzito. Mtoto mchanga asingeweza kustahimili safari zile. Wazazi wakamwacha Henry, mwenye umri wa kama mwaka mmoja, mikononi mwa akina Howland. Alikaa huko miaka mitano. Ellen aliyahesabu maumivu hayo kuwa miongoni mwa sadaka kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, na kila alipomtembelea na kuondoka tena moyo wake uliumia upya.

Hatulisemi jambo hili ili kila mzazi apate kisingizio cha kumwacha mtoto. Tunalisema kwa sababu katika darasa letu la Shule ya Sabato wamo akina mama waliomwacha mtoto kwa bibi kwa kulazimika, nao hubeba aibu ambayo hawaisemi. Ellen White aliijua njia hiyo. Akina Howland nao wanatufundisha: walimlea mtoto wa mwenzao kama wao, wakaifanya kazi ya Mungu iwezekane, ingawa majina yao hayatajwi sana.

Mwaka 1860 Ellen alijifungua mwana wa nne, John Herbert, akamzika akiwa na umri wa chini ya miezi mitatu. Desemba 1863, Henry naye aliugua homa ya mapafu, tena katika nyumba ile ile ya Topsham. Wazazi walikuwa safarini, wakamwahi akiwa bado hai. Kijana huyo wa miaka 16 alikufa akimtumaini Kristo, baada ya kuomba azikwe Battle Creek, kando ya mdogo wake. Walifanya hivyo.

Tafakari: Je, kuna mzazi kanisani kwenu ambaye ameachana na mtoto wake kwa sababu ya kazi au umaskini? Mnamsaidiaje asiache kuwa mzazi?

JUMANNE
Wazee na Wagonjwa Ndani ya Nyumba

Soma 1 Timotheo 5:4, 8 na Marko 7:9-13. Paulo na Yesu wanauwekaje uangalizi wa wazazi mahali pa juu katika dini ya kweli?

Mwaka 1852 akina White walihamia Rochester, katika jimbo la New York. Walipanga nyumba moja ambayo ilikuwa makazi na kiwanda cha uchapaji kwa pamoja. Viti na meza vilikuwa vikuukuu vya kununua kwa bei ya chini kabisa. Viazi vilikuwa ghali, basi wakala tanipu badala yake, pamoja na maharage na uji. Ndani ya nyumba hiyo walikuwamo vijana wa kazi ya uchapaji, watoto, na pia Nathaniel na Anna, mdogo wake James na dada yake, ambao wote wawili walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ellen aliwauguza mashemeji wake na wifi yake hadi kufa. Walitangulia mbele wakiwa na tumaini la ufufuo.

Baadaye familia ilihamia Battle Creek, jimbo la Michigan. Wazazi wa Ellen walikwenda kuishi huko, na wazazi wa James, John na Betsey White, nao wakahamia karibu na mwana wao. Kwa hiyo Ellen alikuwa binti wa wazee wawili na mkwe wa wazee wawili wengine, huku akilea wana, akiandika na kusafiri. Wazee wote wanne wamezikwa Battle Creek, katika makaburi ya Oak Hill.

Agosti 1865 James alipatwa na kiharusi. Yule aliyekuwa nguzo ya kazi akawa mtu wa kuongozwa hatua kwa hatua. Wengi walikata tamaa juu yake, lakini Ellen hakukata tamaa. Mwaka 1867 waliishi shambani Greenville, naye aliamini kwamba mumewe angepona kwa kuutumia mwili na akili kidogo kidogo. Wakati wa kukusanya nyasi za mifugo ulipofika, James alitegemea majirani. Ellen akawatangulia majirani hao na kuwaomba kwa siri wakatae. James alipokosa msaidizi, ikambidi atoke mwenyewe pamoja na Willie, kijana wa miaka 12. Ellen alipanda juu ya mkokoteni na kuzipanga nyasi kwa mikono yake. Majirani walishangaa kumwona mwandishi wa vitabu katika kazi hiyo, lakini James alianza kupata nguvu.

Kumtunza mgonjwa si kumfanyia kila kitu. Nyakati nyingine upendo humwachia babu jembe lake, hata kama anapalilia tuta moja tu asubuhi nzima, ili ajue kwamba bado anahitajika.

Tafakari: Wazee wa nyumbani mwako wana kazi gani ya heshima, mbali na kungoja chakula?

JUMATANO
Watoto wa Ndugu

Soma Esta 2:5-7 na Yakobo 1:27. Mordekai alimhesabuje binti wa baba yake mdogo?

Mwaka 1873 James na Ellen walikuwa Colorado. Huko aliishi Louise, binti wa Caroline, dada yake Ellen. Louise alikuwa dhaifu, na ndoa yake na Bwana Walling haikuwa na amani. Ellen akajitolea kuwachukua binti zao wawili wadogo, Addie na May, kwa muda mfupi ili mama yao apumzike. Kwa hesabu yetu ya ukoo, hao walikuwa wajukuu zake.

Majuma yakawa miezi, na miezi ikawa miaka. Wazazi wao walitengana, na watoto hawakurudishwa. Ellen aliwalisha, akawavika, akawasomesha na kuwapeleka ibadani pamoja na watu wa nyumba yake. James alipofariki Agosti 6, 1881, mjane huyo hakuupunguza mzigo. Aliendelea kuwalea hadi wakawa wanawake.

Wengi waliolea mtoto wa ndugu watakielewa kilichofuata. Baba yao alimshitaki Ellen mahakamani, akidai kwamba amewageuza mioyo ya binti zake ili wasimpende. Malezi ya miaka mingi yakaitwa wizi. Shauri lilichukua muda, likamgharimu fedha na machozi, na mwisho likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama.

Dada mpendwa, ndugu mpendwa, huenda nawe umemlea mtoto wa marehemu kaka yako, na alipoanza kujitegemea upande mwingine wa ukoo ukaja kudai na kulaumu. Jambo hilo huuma. Lakini angalia: Ellen hakulipiza kwa kuwafukuza wasichana, wala hakujutia kuwapokea. Aliwapokea kwa ajili ya Kristo, na malipo yake alimwachia Kristo. Jina la May lishike moyoni, kwa maana tutakutana naye tena siku ya Ijumaa.

Tafakari: Kwa nini ni rahisi kumpokea mtoto wa ndugu siku ya msiba, na vigumu kumpenda baada ya miaka kumi?

ALHAMISI
Mwana wa Mbali, Wajukuu wa Karibu

Soma Luka 15:11-24 na Zaburi 71:17, 18. Mzee wa Zaburi anaomba aachiwe nafasi ya kufanya nini kabla hajaondoka?

Kati ya wana wanne, wawili tu walifikia utu uzima: James Edson na William, aliyeitwa Willie. Willie alikuwa mtulivu na mwenye kutegemewa. Edson alikuwa na vipawa vingi, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake, na madeni yalimwandama. Barua ambazo mama yake alimwandikia katika ujana wake zina makemeo mengi. Baba yake naye hakuwa na subira kwake. Mwaka 1893, akiwa na umri zaidi ya miaka arobaini, Edson alimwandikia mama yake waziwazi kwamba dini haikuwa tena na nafasi moyoni mwake.

Ellen wakati huo alikuwa ng'ambo ya bahari, New Zealand. Alimjibu kwa barua ndefu ya mama anayemwona mwanawe akizama. Mwaka ule ule Edson alimrudia Bwana. Alisoma ujumbe ambao mama yake aliutoa mwaka 1891 juu ya wajibu wa kanisa kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambao wengi wao walikuwa wametoka utumwani au wamezaliwa na watumwa. Akajenga mashua ya mvuke iliyoitwa Morning Star, na Januari 1895 akafika Vicksburg, jimbo la Mississippi, akifundisha kusoma na kuhubiri Injili. Mwana aliyekuwa chanzo cha machozi akawa mtenda kazi shambani mwa Bwana.

Kwa upande wa Willie, huzuni ilikuja kwa njia nyingine. Mkewe, Mary, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 33. Aliacha binti wawili: Ella wa miaka minane na Mabel wa miaka mitatu. Mwaka uliofuata kanisa lilimtuma Ellen Australia, na Willie akaenda naye. Wasichana wakabaki Battle Creek kwa mlezi. Zaidi ya miaka mitatu ilipita. Mwaka 1895 Willie alimwoa Ethel May Lacey, na wasichana wakafika Australia kuungana na baba, mama mpya na bibi.

Karibu na Cooranbong, ambako shule ya kanisa ilikuwa inaanzishwa msituni, Ellen alijenga nyumba aliyoiita Sunnyside. Kabla nyumba haijaisha alikaa kwenye hema na kusimamia upandaji wa miti ya matunda. Aprili 1896 Willie na mkewe walipata mapacha wa kiume, wakaitwa Henry na Herbert, majina yale yale ambayo Ellen aliyazika Battle Creek. Bibi aliamka usiku wa manane kuandika, nyumba ikiwa bado imelala. Kulipokucha walikusanyika kwa ibada: kusoma, kuimba na kuomba. Mchana kulikuwa na bustani, ng'ombe, wageni na majirani wagonjwa. Siku ya Ijumaa kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika maandalio, ili Sabato ipokewe kwa furaha. Ella alipokuwa mzee aliandika kitabu kizima cha habari za bibi yake.

Wakulima wetu wa Ruaha Mbuyuni wanajua kwamba kitunguu huanza kitaluni. Miche husongamana mahali padogo, hutiliwa maji kila siku, kisha huhamishiwa shambani. Nyumba ya bibi ni kitalu. Watoto hawatabaki humo, lakini shambani wataendelea na mizizi waliyoipata humo.

Tafakari: Ibada ya nyumbani mwenu ina nafasi ya mtoto mdogo kuliko wote? Na ya mzee asiyeona vizuri?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mwaka 1900 Ellen alirudi Marekani, akanunua nyumba ya Elmshaven, karibu na Saint Helena, California. Familia ya Willie ilikaa karibu naye, na wajukuu wakaongezeka hadi saba. Mwaka 1903, wakati bibi huyo akiandika katika chumba chake cha juu, wamisionari Ehlers na Enns walifika Upare na kuanzisha kazi ya Waadventista katika nchi yetu. Mmoja wa vitukuu vyake, Virgil Robinson, mwana wa Ella, alikuja baadaye kuwa mmisionari barani Afrika.

Februari 13, 1915, siku ya Sabato, Ellen alianguka ndani ya nyumba yake akavunjika nyonga. Alikuwa na umri wa miaka 87. Aliyekuwa naye akimuuguza alikuwa May Walling, yule mtoto aliyechukuliwa Colorado mwaka 1873 kwa majuma machache. Miaka arobaini na miwili ilikuwa imepita. Mahakama ilishasahau shauri lile, lakini May hakusahau mikono iliyomlea. Julai 16, Ellen alipofumba macho kwa utulivu, May alikuwa miongoni mwa waliosimama kando ya kitanda, pamoja na Willie na mjukuu Mabel.

Alizikwa Oak Hill, kando ya James, mahali walipolazwa Henry, John Herbert na wazee wa pande zote mbili. Vizazi vitatu vya nyumba moja vinangoja hapo sauti ya tarumbeta. Soma 1 Wathesalonike 4:13-18 ukiikumbuka familia hiyo, kisha uyakumbuke makaburi ya watu wako.

Bibi unayeita watoto ibadani jioni ya leo, Sabato inapoingia: usimsubiri mjukuu mkubwa arudi ndipo uanze. Anza na aliyepo, na mlango uuache wazi.

Maswali ya Kujadili:

1. Elizabeth na Ellen walikuwa mapacha waliolelewa pamoja. Darasa lenu lingemfariji vipi mzazi ambaye watoto wake wamegawanyika katika imani?

2. Edson alirudi akiwa na umri zaidi ya miaka arobaini. Ni nini tofauti kati ya barua ya makemeo na barua ya kusihi? Sisi huwaandikia au kuwapigia simu watoto wetu walio mbali kwa sauti gani?

3. Katika kanisa lenu kuna mabibi na mababu wangapi wanaolea wajukuu peke yao? Orodhesheni mambo matatu ambayo darasa linaweza kufanya katika robo hii: kwa mfano ada, sare za shule, au kijana wa kumsindikiza mtoto Shule ya Sabato. Pangeni nani atafanya nini, na lini.

4. Mtoto uliyemlea anaweza kukushukuru baada ya miaka arobaini, au asikushukuru kamwe. Ni tumaini gani litakalokuwezesha kuendelea?